Kisu Hakina Hisani kwa Asiyeuliza

Ukishuka Migori ukapanda matatu ya kuteremka ziwani, pua yako itafika Karungu kabla ya macho. Ni harufu ya omena walioanikwa juani, juu ya nyavu zilizotandazwa kandokando ya mji mdogo wa Sori, ukingoni mwa ziwa ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe na vitabu vya shule huliita Victoria. Mimi ni mtu wa pwani, nimelelewa na maji ya chumvi, na kila nionapo maji mengi namna ile yasiyokuwa na chumvi hushangaa upya.

Sikwenda huko kutafuta habari za gazeti. Nilikwenda na mke wangu kumzuru binti ya ami yangu, ambaye ameolewa na Mwislamu wa huko, mchuuzi wa samaki. Mara ya mwisho kuonana naye ilikuwa arusini Mombasa, miaka mitatu nyuma. Wakati ule alikuwa na uzito wa kilo 118, kama alivyokuja kutuambia mwenyewe. Safari hii alipotoka mlangoni kutupokea sikumjua. Amebaki kilo 71.

Hakufanyiwa uchawi wala hakudungwa sindano. Alipimwa akaonekana ana kisukari, akaambiwa na daktari kuwa asipopunguza mwili atapunguza umri. Akaacha soda, akapunguza wali na mahamri, na kila siku baada ya swala ya alfajiri akawa anatembea ufukweni mpaka jua lipande. Miaka miwili na nusu. Nikamwambia, "Mashaallah, binti ya ami, hongera." Akanijibu, "Kaka, wewe wasema mashaallah. Wenzio hapa wasema mengine."

Nikayaelewa maneno yake. Kando ya ziwa hili, wembamba wa ghafla una historia yake. Ukimwi ulipoingia katika miaka ya 1980, ng'ambo ya Uganda watu waliuita "slim", yaani mwembamba, na mwaka 1985 madaktari waliandika habari zake kwa jina hilo hilo, kutoka wilaya ya Rakai. Wajaluo nao tangu kale wana neno lao chira, maradhi ya kukonda na kudhoofika yanayosemwa kumpata aliyevunja mwiko. Homa Bay na Migori ni katika sehemu za Kenya zilizozika watu wengi kwa Ukimwi. Basi mtu akikonda huko, jirani huanza kuhesabu. Kwetu pwani hatuna chira, lakini hatuko mbali. Sisi tulilelewa katika kuona unene wa mwanamke ni neema, mwali akiwekwa ndani, akisingwa na kulishwa mpaka ang'are. Leo mwanamke akipungua kilo 40 kwa juhudi yake, arusini huulizwa, "Kwani waumwa?" tena mbele za watu.

Lakini hilo halikuwa ndilo lililokuwa likimsumbua zaidi. Jioni ile mke wangu aliingia naye chumbani, wakakaa muda mrefu. Alipotoka alinipa habari kwa idhini ya mwenyewe, na kwa idhini hiyo hiyo naziandika, bila kutaja jina. Kilo 47 zimekwenda zake, lakini ngozi iliyokuwa imezibeba imebaki. Tumboni yaning'inia kama mfuko uliomwagwa unga, mikononi hupepea, mapajani husuguana. Chini ya mkunjo wa tumbo, kwa jasho na joto la ziwani, kuna vidonda visivyokauka. Huweka kitambaa asubuhi na kukibadilisha adhuhuri. Akisujudu huumia. Na mumewe, miezi mingi sasa, hajauona mwili wake kwenye mwanga.

Basi alikuwa amekata shauri. Katika simu yake aliona tangazo la kliniki moja ya Nairobi, picha za kabla na baada, na bei iliyopunguzwa kwa atakayelipa kabla ya mwisho wa mwezi. Fedha alikuwa nazo, za faida ya omena, zimefichwa kwenye sanduku la nguo. Mpango wake ulikuwa kumwambia mumewe aja Mombasa kututazama sisi, akateremke Nairobi, akatwe, apumzike siku tatu katika chumba cha kukodi, kisha arejee Karungu akiwa mtu mpya. Hapana ambaye angejua.

Ndugu msomaji, mimi si tabibu. Nimesoma chuoni kwa maalim, nikasoma kidogo skuli, na sehemu kubwa ya umri wangu nimeitumia katika mashairi na magazeti. Lakini maalim wangu alitufunza kuwa kuuliza si ujinga. Basi nimeuliza madaktari, nimeuliza masheikh, na nimesoma. Niliyoyapata nayaleta hapa, kwa kuwa najua binti ya ami yangu si peke yake. Wako wenziwe Malindi, Lamu, Tanga na Unguja, waume kwa wake, wenye ngozi iliyobaki na sanduku lenye fedha na siri.

Kwanza ni kuijua ngozi yenyewe. Ngozi ina nyuzi zinazoipa nguvu na nyingine zinazoifanya ivutike na kurudi. Ikivutwa miaka mingi kwa unene mkubwa, nyuzi hizo hukatika na kulegea, kama mpira wa suruali uliochoka. Mtu akiwa kijana, na kama kilo zilizopungua ni chache, hurudi kiasi. Akiwa mtu mzima, kama unene ulikaa muda mrefu, kama avuta sigara, au kama kilo zilizoondoka ni nyingi, hairudi. Mazoezi hujenga misuli iliyo chini yake, na hiyo ni faida kubwa, lakini hayaikazi ngozi iliyokwisha kupoteza nyuzi zake. Mafuta ya kupaka, hata yawe ya bei gani, hayaifanyi kazi hiyo. Kwa hiyo aliyebaki na ngozi inayoning'inia si mvivu wala hakukosea kupungua. Ni alama ya kazi aliyoifanya.

Pili, je, yafaa kuikata? Hapa wengi wetu hushtuka. Twakumbuka onyo la Qur'ani katika Sura An-Nisaa, juu ya Shetani aliyeapa kuwaamrisha watu waligeuze umbo la Mwenyezi Mungu. Ni onyo zito, na halifai kuchezewa. Lakini twakumbuka pia kisa cha sahaba Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua katika vita vya Kulab zama za Jahiliya. Alitengeneza pua ya fedha, ikamnukia vibaya, na Mtume (S.A.W.) akamwamuru atengeneze ya dhahabu, ingawa dhahabu kwa wanaume asili yake ni haramu. Wanavyuoni wameona humo tofauti kubwa baina ya kuondoa dhara na kufuata matamanio.

Katika zama zetu, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lenye makao yake Jeddah, lilikutana Putrajaya nchini Malaysia mwezi wa Julai 2007, likalijadili jambo hili. Likaruhusu upasuaji wa kurekebisha kasoro iliyompata mtu kwa maradhi, ajali au moto, na wa kuondoa kasoro inayomletea dhara mwilini au nafsini, kwa masharti, na mojawapo ni kwamba dhara ya upasuaji isiipite faida yake. Likakataza ule usiokuwa na haja ya tiba, wa kufuata mitindo na kuwaiga watu wengine. Kwa hiyo vidonda visivyokauka chini ya tumbo ni haja ya wazi. Kutaka kiuno cha mwanamke fulani wa kwenye simu ni jambo jingine. Baina ya mawili hayo kuna nafasi pana, na aliye katika nafasi hiyo amwendee sheikh wake na nia yake, amweleze yote bila kuficha. Mimi si wa kumtolea fatwa.

Tena si kazi ngeni kwa Waislamu. Abul-Qasim al-Zahrawi wa Cordoba, aliyekufa kiasi cha mwaka 1013, aliandika kitabu chake Al-Tasrif chenye juzuu 30, na katika sehemu ya upasuaji alieleza namna ya kumtibu mwanamume aliyeota maziwa makubwa kama ya mwanamke. Na hapa kwetu Afrika Mashariki, shirika la AMREF, lililokuja kujulikana kwa madaktari wake wa ndege, lilianzishwa mwaka 1957 na madaktari watatu, Michael Wood, Tom Rees na Archibald McIndoe, na wote watatu walikuwa mafundi wa upasuaji wa kurekebisha umbo. McIndoe alipata sifa katika Vita Vikuu vya Pili kwa kuwatibu marubani walioungua nyuso na mikono. Basi ufundi huu ulikuzwa na watu waliokuwa wakirudisha kilichoharibika. Waliougeuza kuwa duka ni wengine.

Tatu, ni kujua wakati. Upasuaji huu haupunguzi unene. Huja mwisho, baada ya unene kwisha kupungua. Madaktari hutaka uzito uwe umetulia kwanza, usipande wala usishuke, kwa miezi sita au zaidi. Aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula huambiwa asubiri kiasi cha miezi 12 hadi 18 tangu siku ile. Sababu ni nyepesi: ukikatwa leo na kesho ukipungua tena kilo kumi, ngozi italegea upya. Ukinenepa tena, itavutika upya, na fedha na maumivu yamepotea bure. Na mwanamke anayetaka kuzaa tena ni bora azae kwanza, kwani mimba huvuta tumbo lililokwisha kushonwa.

Pia hutazamwa uwiano wa uzito na kimo. Chukua kilo zako, uzigawanye kwa mita za urefu wako zilizozidishwa kwa zenyewe. Binti ya ami yangu ana urefu wa mita 1.60, kwa hiyo kilo 71 humpa 27.7, naye alipokuwa kilo 118 alikuwa 46. Madaktari wengi hupenda mtu awe chini ya 30, kwa sababu juu ya hapo vidonda hufumuka zaidi na damu huganda kwa wepesi zaidi.

Nne, ni kujua ni upasuaji gani. Wengi husikia habari ya kunyonya mafuta wakadhani ndiyo dawa. Kunyonya mafuta huondoa mafuta, hakuondoi ngozi. Mwenye ngozi tupu akinyonywa huenda akazidi kulegea. Kinachohitajika aghalabu ni kukata ngozi iliyozidi na kuishona. Kuna kukata mkunjo wa tumbo peke yake ili vidonda vipone. Kuna kukata na kukaza misuli ya tumbo. Kuna kukata kuzunguka kiuno chote mpaka mgongoni, kama mshipi. Kuna mikono, mapaja na maziwa. Kila mmoja una alama yake: wa tumbo huacha kovu toka nyonga hii hadi nyonga ile, wa mkono huacha kovu toka kwapani mpaka karibu ya kisukusuku. Kovu haliondoki. Hufifia kwa mwaka mmoja au mmoja na nusu, na sisi wenye ngozi nyeusi tuna hatari zaidi ya kovu kuvimba na kuwa nene. Mwenye kovu la namna hiyo popote mwilini, hata la kutoboa sikio, na alitaje mapema. Wewe wabadilisha ngozi kwa kovu. Ukiona biashara hiyo haina faida kwako, rudi nyumbani.

Wala usikubali kukatwa mwili mzima siku moja kwa kuwa bei ya jumla ni rahisi. Kadiri saa za kulala mezani zinavyozidi, ndivyo hatari inavyozidi. Madaktari waangalifu hugawa kazi, tumbo sasa, mikono baada ya miezi kadhaa.

Tano, mwili wenyewe uwe tayari. Aliyepungua sana aghalabu amepungukiwa na mengine: damu, madini ya chuma, vitamini na protini. Kidonda kirefu hakiungi kwa chai kavu. Mtu apimwe damu, na upungufu utengenezwe kabla. Hapo Karungu protini ipo pale pale juani, omena na samaki, pamoja na mayai na maharagwe. Kisukari kiwe kimetulia. Sigara iachwe angalau wiki nne kabla na wiki nne baada, kwani huzuia damu kufika kwenye kingo za kidonda, na ngozi ikafa. Ndugu zangu wa pwani, tambuu yenye tumbaku na ugoro vimo humo humo. Na mtafunaji wa miraa amwambie daktari wa nusu kaputi, maana miraa hupandisha mapigo ya moyo.

Kuna jambo moja la ziwani na la pwani pia. Ugonjwa wa selimundu, ule ambao chembe za damu hujipinda kama mundu, ni wa watu wengi katika sehemu hizi mbili. Asiyejua hali yake na apimwe, kwa kuwa nusu kaputi na upasuaji huhitaji uangalifu maalumu kwa mwenye maradhi hayo. Kadhalika taja kila dawa unayotumia: za presha, za sukari, za kupunguza makali ya Ukimwi, aspirini, za kupanga uzazi, na hata habasoda na vitunguu thaumu unavyomeza kama dawa, maana baadhi ya dawa na mitishamba huzidisha kutoka damu. Na hizi sindano mpya za kupunguza mwili, zinazodungwa kila wiki, hukawiza chakula tumboni. Daktari wa nusu kaputi asipojua, chakula kikapanda na kuingia mapafuni nawe umelala, ni hatari ya kufa. Kumficha daktari dawa kwa haya ni kujidanganya mwenyewe.

Sita, ni nani atakayekukata, na wapi? Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame. Mwezi wa Oktoba mwaka 2024, mama mmoja alifariki dunia mjini Nairobi baada ya upasuaji wa kuondoa mafuta katika kliniki ya jiji hilo. Habari zake zilijaa magazetini, na baraza linalosimamia madaktari wa Kenya likaifunga kliniki hiyo. Mimi si hakimu wa kesi ile, nami namwombea marehemu rehema. Nasema tu kuwa kifo kile kilituonyesha jambo ambalo matangazo hayalionyeshi.

Kenya ina Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, na daftari lake liko wazi kwa raia. Tazama kama jina la daktari limo, kama leseni yake ni ya mwaka huu, na kama ameandikwa kuwa bingwa wa upasuaji wa kurekebisha umbo, siyo daktari wa kawaida aliyehudhuria mafunzo ya wiki mbili. Chama cha mabingwa hao kipo pia, KSPRAS. Kisha tazama mahali penyewe: je, pana leseni ya upasuaji wa daraja hiyo? Nani atanitia nusu kaputi, naye ni daktari wa kazi hiyo? Pana damu ya akiba? Hali ikigeuka usiku, wagonjwa mahututi hupelekwa wapi, na ni mwendo wa dakika ngapi? Umefanya upasuaji kama huu mara ngapi, na wangapi walipata matatizo? Daktari wa haki hakasiriki kwa maswali haya. Akikasirika, hiyo ndiyo jibu lake.

Na jihadhari na anayekuharakisha. Punguzo la bei mwisho wa mwezi linafaa katika viatu. Mwili haununuliwi kwa mnada.

Saba, ni baada ya kukatwa, na hapa ndipo siri ya binti ya ami yangu ilipovunjika. Baada ya upasuaji wa tumbo mtu hutembea ameinama siku kadhaa. Huwekewa mirija ya kutoa maji yanayojikusanya chini ya ngozi, nayo huweza kukaa wiki moja au mbili. Huvaa vazi la kubana wiki kadhaa. Kwa kiasi cha wiki sita hanyanyui kitu kizito. Mwanamke wa Sori, ambaye kazi yake ni makarai ya samaki na madumu ya maji ya lita 20, ataficha vipi wiki sita? Nani atachota maji? Nani atapika? Siku ya tatu katika chumba cha kukodi, homa ikimpanda, nani atajua?

Kubwa kuliko yote ni damu kuganda. Baada ya upasuaji kama huu damu huweza kuganda katika mishipa ya mguu, kisha donge likasafiri mpaka mapafuni, likaua kwa muda mfupi. Ndiyo maana mgonjwa hutembezwa siku ile ile au ya pili yake, na wengine hupewa dawa ya kuzuia. Na ndiyo maana kukaa kitini saa nyingi, toka Nairobi mpaka Migori na kisha Karungu, siku tatu baada ya kukatwa, ni kutafuta mauti kwa nauli yako. Hayo ni sawasawa kwa wanaokwenda India au Uturuki wakapanda ndege mapema. Muulize daktari siku ya kusafiri, na kidonda kitakaguliwa na nani ukifika. Karungu ina hospitali ya misheni ya St. Camillus, na kila mji una yake. Nenda uonane nao kabla, wasije wakakuona mara ya kwanza ukiwa na usaha.

Na dalili hizi zisisubiri asubuhi: mguu mmoja kuvimba na kuuma, pumzi kukatika ghafla, kifua kuchoma, homa, kidonda kunuka au kufumuka, tumbo kuvimba upande mmoja kwa haraka. Nazitaja waziwazi ili azijue mume, mama au jirani, kwa sababu mgonjwa mwenyewe huenda asiweze kusema.

Katika ibada dini yetu ni nyepesi. Kidonda kilichofungwa hakioshwi kwa nguvu. Katika madhehebu yetu ya Shafii mtu huosha palipo pazima, hupangusa kwa maji juu ya bandeji, na hutayamamu kwa mahali ambapo maji hayakufika. Asiyeweza kusimama huswali ameketi. Mwanamke akipata daktari wa kike aliye bingwa, vema. Asipompata, dharura ina hukumu yake, na awe na mtu wake karibu. Haya nayo ayaulize kwa sheikh kabla ya kwenda, asije akaacha swala wiki nzima kwa kutojua.

Sasa nirudi Karungu. Usiku ule mke wangu alimwambia maneno machache. Alimwambia, "Bibi wewe, ukifa katika chumba cha kukodi, sisi tutapigiwa simu na nani?" Akalia. Asubuhi, baada ya chai, alimwita mumewe, akamweleza yote mbele yetu: vidonda, fedha za sandukuni na safari ya uongo. Nilimtazama shemeji yangu, mtu mrefu mwenye mikono iliyokatwakatwa na nyavu, nikaogopa atakasirika. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema kwamba miezi yote ile yeye alidhani mkewe hamtaki tena.

Ndipo nikajua kuwa aibu ilikuwa imekwisha kukata nyumba ile vipande viwili, kabla ya kisu chochote.

Walikwenda Nairobi pamoja, kwa bingwa aliyemo katika daftari. Hakuwakata. Aliona damu ni chache na uzito ulikuwa bado washuka. Akampa dawa ya vidonda na vidonge vya chuma, akamwambia arudi baada ya miezi sita. Vidonda vimeanza kukauka. Fedha zingalipo sandukuni, ila sasa wenye ufunguo ni wawili. Huenda atakatwa, huenda akaona hana haja tena. Hilo ni lao wawili na tabibu wao, baada ya Mola wao.

Kwa wale wenye vinywa, wa ziwani na wa pwani, nina neno. Mtu akipungua, mwambieni mashaallah, na mkishindwa, nyamazeni. Swali la arusini humsukuma mtu kwenye meza ya kukatwa, na siku ya mazishi muulizaji huwa wa kwanza kulia. Na kwa mwenye ngozi iliyobaki, nafunga kwa ubeti mmoja, kwani ada ya mshairi haimwachi:

Ewe mwenye kutamani, ngozi yako kupunguza,
Usiingie gizani, kwanza kaa na kuwaza,
Waambie wa nyumbani, tabibu kumuuliza,
Kisu hakina hisani, kwa aliyejipumbaza.

Wallahu aalam.